Taya, Kobe na Kisima: Uaguzi wa Wachina wa Kale na Swali la Kusudi la Maisha

Jishike mashavu, fungua kinywa polepole, kisha ukifumbe. Taya la juu halikwenda popote. Kazi yote imefanywa na la chini. Wachina wa kale waliliona jambo hilo dogo wakalichorea mistari sita: mmoja mzima juu, mmoja mzima chini, na kati yao minne iliyokatika, kama meno ya mtu aliyeachama. Mistari mitatu ya juu ni alama ya mlima, usiotikisika. Mitatu ya chini ni alama ya radi, inayotikisa. Umbo zima huitwa Yi, yaani taya, nalo ni la 27 kati ya maumbo 64 ya Yijing, Kitabu cha Mabadiliko, ambacho watu wamekipigia bao kwa karibu miaka elfu tatu. (Yi ya taya na Yi ya Yijing si neno moja. Kwa Kichina yanaandikwa na kutamkwa tofauti. Ni herufi zetu za Kirumi zinazoyafananisha.)

Taya hilo lina maana ya pili: kulisha, kulea, kutunza uhai. Yiheyuan, bustani ya kifalme ya Beijing iliyopewa jina hilo mwaka 1888, inaanza na neno hilohilo. Ndiyo maana wanaotafuta chakula cha roho katika uaguzi wa Kichina huishia kwenye umbo hili. Siku hizi wengi hukiendea kitabu wakiwa na swali moja kubwa, nimezaliwa nifanye nini, na hutegemea wapewe jibu kubwa la kulingana nalo. Wanachokuta ni kinywa.

Hukumu ya umbo la 27, yaani kauli fupi inayolifungua kitabuni, ina maneno manane tu kwa Kichina. Ukiyaweka kwa Kiswahili yanakuwa hivi: "Uthabiti ni heri. Tazama taya; jitafutie mwenyewe cha kujaza kinywa." Basi. Hakuna nyota, hakuna siri ya kuzaliwa kwako. Ufafanuzi wa kale ulioambatanishwa na kitabu unayagawa maneno hayo katika mambo mawili: kutazama taya ni kutazama mtu anamlisha nani na nini, na kujitafutia cha kinywani ni kutazama anajilishaje mwenyewe. Kwa hiyo aliyekuja na swali moja anarudishwa na maswali mawili, yote ya jikoni. Huko ndiko kitabu kinakoanzia kila kinapogusa kusudi la maisha, na nadhani wasomaji wengi wa leo hupapita haraka mahali hapo wakidhani ni mafumbo tu.

Si mafumbo. Kichina cha kale hakikujenga ukuta kati ya chakula cha tumbo na chakula cha roho. Neno lao la kulisha, yang, linafaa kwa kufuga mnyama, kutunza wazazi wazee na kulea moyo. Kongzi, ambaye sisi tumezoea kumwita Konfusio, aliutumia upana huo wa neno kuwachoma wanafunzi wake: siku hizi, alisema, mtu akiwalisha wazazi wake huitwa mwana mwema, lakini hata mbwa na farasi hulishwa, pasipo heshima kuna tofauti gani? Mengzi, mwanafalsafa aliyefuata mafundisho yake katika karne ya 4 KK, alikwenda mbele zaidi. Mtu anayelisha sehemu zake ndogo, alisema, huwa mtu mdogo, na anayelisha sehemu kubwa huwa mtu mkubwa. Na akamtaja mtu anayekitunza kidole kimoja huku akipoteza bega na mgongo bila habari. Hakudharau tumbo. Alichouliza ni kama tumbo limepewa chakula cha moyo.

Ili kuelewa kitabu cha uaguzi kilifikaje kwenye maswali ya namna hii, itabidi turudi nyuma, kwenye jino la mfalme.

Kabla ya Yijing kulikuwa na mifupa. Wafalme wa Shang, waliotawala bonde la Mto Manjano hadi karibu 1046 KK, waliuliza kwa kutumia magamba ya tumboni ya kobe na mifupa ya bega ya ng'ombe. Mwaguzi alichimba vishimo upande wa nyuma, akavichoma kwa moto, na mfupa ukapasuka kwa mlio. Nyufa ndizo zilizokuwa jibu. Swali lilichongwa palepale. Mifupa hiyo, mingi ikitoka kijiji cha Xiaotun karibu na Anyang, ilikuwa imeuzwa madukani kama "mifupa ya joka" na kusagwa kuwa dawa, hadi mwaka 1899 ofisa msomi wa Beijing, Wang Yirong, alipoyatambua maandishi yake. Kwa muda, basi, watu walikunywa maswali ya wafalme ili wapone.

Na maswali yenyewe? Mvua itanyesha? Mavuno yatakuwa mazuri? Mke wa mfalme atajifungua salama? Mfalme Wu Ding, karibu 1200 KK, aliumwa jino, na waaguzi wake wakauliza ni marehemu gani wa ukoo aliyekasirika, mmojawapo wa baba zake. Nasema "baba zake" kwa sababu Washang, kama sisi wenye baba mkubwa na baba mdogo, waliwaita ndugu wote wa baba kwa jina hilo moja. Hakuna aliyeuliza mfalme amezaliwa afanye nini. Mfalme alijua kazi yake. Alichotaka ni jino litulie.

Sasa shika neno moja. Katika mifupa hiyo, swali karibu kila mara hutanguliwa na neno zhen. Kwa Washang lilikuwa neno la kazi: kuagua, kuuliza kwa bao. Hilo ndilo neno la kwanza la ile hukumu ya taya, nililolitafsiri "uthabiti". Karne kadhaa baadaye wasomaji wa Yijing walilisoma hivyo: uthabiti, unyoofu, mtu asiyeyumba. Yaani neno lililoanza kama "nauliza" likaishia kuwa "nasimama imara". Wataalamu wa leo hubishana lisomwe vipi katika mistari ya zamani kabisa, na tafsiri hutofautiana kwa sababu hiyo. Mimi naona safari yote ya uaguzi wa Kichina imo ndani ya neno hilo: kutoka kumuuliza mwingine, mpaka kuulizwa wewe.

Wazhou walipowaangusha Washang, njia mpya ikapata nguvu, ile ya mabua ya mmea uitwao shi. Huchukuliwa mabua 50, moja huwekwa kando, 49 hugawanywa mafungu mawili bila kuhesabu. Bua moja la fungu la kulia hutolewa, kisha kila fungu huhesabiwa kwa nnenne na masalio huondolewa. Ukirudia mara tatu unapata namba moja kati ya 6, 7, 8 na 9, nayo ni mstari mmoja. Mara 18 kwa umbo zima. Namba 7 na 9 ni mstari mzima, 6 na 8 ni uliokatika. Ila 6 na 9 ni mistari "mizee" iliyo tayari kugeuka, na ikigeuka umbo la kwanza huzaa la pili. Wanaotumia sarafu tatu kufupisha kazi hudhani ni njia ileile. Sivyo: kwa mabua, 6 hutokea mara moja katika 16 na 9 mara tatu, kwa sarafu zote mbili hutokea mara mbili katika 16. Mabua yanaamini kwamba kilichotulia, yaani mstari uliokatika, hakigeuki kirahisi.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshaikumbuka ramli. Nukta moja au mbili, safu nne, maumbo 16. Huku mstari mzima au uliokatika, safu sita, maumbo 64. Hesabu ni za aina moja, ingawa sisemi moja limezaliwa na jingine. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Yijing ilikusanya juu ya kila umbo na kila mstari maneno mafupi ya kale, kisha juu ya maneno hayo maelezo, na juu ya maelezo maelezo mengine, kwa zaidi ya miaka elfu mbili, mpaka kitabu cha bao kikawa kitabu cha malezi. Mapokeo husema maumbo yalitoka kwa Fuxi wa hadithi za kale, hukumu kwa Mfalme Wen wa Zhou, mistari kwa mwanawe Mtawala wa Zhou na maelezo kwa Kongzi. Wanahistoria wa leo huyaona maneno ya msingi kuwa ya karibu karne ya 9 KK, na maelezo kuwa ya baadaye sana, ya mikono mingi.

Turudi kwenye taya, tusome mistari, kwa sababu humo ndimo utamu ulimo.

Mistari husomwa kutoka chini. Wa kwanza unasema: "Unamwacha kobe wako wa kimiujiza, unanitazama mimi taya limekulegea. Balaa." Kobe hapa ana mizigo miwili. Gamba lake ndilo chombo cha kuagulia, na yeye mwenyewe ni mnyama aliyeaminiwa kukaa muda mrefu bila kula. Mtu huyu, basi, anacho nyumbani chombo cha kujua na mfano wa kutosheka, lakini amekiacha akaenda kusimama mlangoni pa mwenzake akitazama anavyotafuna. Kiswahili kina neno lake kabisa: anadoea. Na kudoea kwenyewe si kwa wali peke yake. Mtu anaweza kudoea kazi ya mwenzake, ndoa ya mwenzake, wito wa mwenzake. Ajabu ni kwamba maneno mawili ya mstari huu, duo yi, taya linaloning'inia, yamebaki katika msemo wa Wachina wa leo wa kula na kufurahi, da kuai duo yi. Msemo umelisahau balaa lake.

Mstari wa pili unazungumzia kulishwa kwa kupindua mambo, aliye juu kutegemea wa chini, na mwisho wake ni mbaya. Wa tatu ni mkali kuliko yote: kulishwa kinyume cha haki, usitende lolote kwa miaka kumi. Halafu unakuja wa nne, na hapo msomaji mvivu hupotea. "Kulishwa kwa kupindua: heri. Chui milia anakodoa macho, tamaa yake haikatiki. Hakuna lawama." Kupindua ni kuleule kwa mstari wa pili. Njaa ni kubwa zaidi, njaa ya chui milia. Lakini sasa ni heri! Wafafanuzi wa kale walieleza kwamba mstari wa nne ni nafasi ya waziri, na njaa yake ni ya kutafuta watu wenye uwezo walio chini yake wamsaidie kuwalisha wengine. Njaa hailaumiwi, kinachopimwa ni imeelekea wapi. Ukija kwenye kitabu hiki ukitarajia ushauri wa kuua tamaa, mstari huu utakukatalia, ingawa Mengzi naye alisema moyo haulelewi kwa kitu bora kuliko kupunguza matakwa. Wote wawili wamekaa katika jadi moja na hawajapatanishwa mpaka leo, na sioni haja ya kuwapatanisha.

Juu ya mistari hiyo kuna maelezo ya picha: radi chini ya mlima, mtu muungwana huchunga maneno yake na hujizuia katika kula na kunywa. Kwa nini maneno na chakula viwekwe pamoja? Kwa sababu mlango ni mmoja. Wachina husema maradhi huingilia kinywani na balaa hutokea kinywani. Ukitafuta zoezi la kiroho ndani ya umbo la 27 ni hilo hapo, la kila siku, lisilohitaji mabua.

Lakini kujilisha ni nusu ya habari. Nusu ya pili, kulisha, iko wazi zaidi katika umbo la 48, Kisima. "Mji huweza kuhamishwa, kisima hakihamishwi. Hakipungui wala hakizidi; wanakwenda na kurudi, nacho ni kisima." Kisha onyo: ukikaribia kufika majini na kamba haijafika, au mtungi ukavunjika, ni balaa. Mstari wa kwanza ni kisima cha matope ambacho hata wanyama hawakijii. Wa nne, kisima kinajengewa ukingo. Wa tano, maji ni maangavu na baridi, yananyweka. Lakini ule wa tatu ndio ulioliza watu: "Kisima kimesafishwa, hakinywewi, moyo wangu unauma. Kingeweza kutekwa."

Sima Qian, mwanahistoria wa karne ya 2 KK na mapema ya karne ya 1 KK, aliunukuu mstari huo alipoandika maisha ya Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu. Qu Yuan alikuwa na maji safi. Mfalme Huai akasikiliza wachongezi, Qu Yuan akafukuzwa, na mwisho akajitupa katika Mto Miluo. Hapa kitabu kinasema jambo ambalo washauri wa "tafuta kusudi lako" hulikwepa: unaweza kuwa umejisafisha, umejijenga, uko tayari, na bado asije mtu na ndoo. Mstari haumlaumu kisima. Unaendelea kusema kwamba kama mfalme angekuwa na macho, wote wangepata baraka.

Wachina wana neno la hali hiyo, ming. Ni amri, ni uhai, ni majaliwa, vyote kwa pamoja. Ming ya Mbingu ndiyo iliyowapa wafalme haki ya kutawala, na ndiyo iliyoamua kama mwenye kipawa atapata wa kumtuma. Kongzi alisema aliijua ming ya Mbingu akiwa na miaka hamsini. Hamsini! Na yeye ndiye aliyetumia miaka ipatayo kumi na minne akizunguka dola kwa dola bila kumpata mtawala wa kumsikiliza kwa kudumu. Alikuwa kisima cha mstari wa tatu, akijua.

Nje ya Asia kitabu hiki kilipata wasomaji wengi kwa mkono wa Richard Wilhelm, mmisionari Mjerumani aliyeishi Qingdao na kutoa tafsiri yake mwaka 1924. Tafsiri hiyo ilipogeuzwa kuwa ya Kiingereza mwaka 1950, Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika dibaji, na humo akasimulia alivyokiuliza kitabu kuhusu hali ya kitabu chenyewe. Akapata umbo la 50, Chungu cha shaba chenye miguu, kile cha kupikia sadaka na karamu. Mstari mmoja aliopewa unasema masikio ya chungu yameharibika na nyama nono iliyomo haijaliwa. Tena chakula, tena kisicholiwa. Jung alilipenda jibu hilo. Kwangu linaonyesha zaidi kwamba ukikaa na kitabu hiki muda mrefu, meza huandaliwa kila upande. Ila kutoka hapo ndipo pia ilipoanza ile desturi ya kukifanya kioo cha nafsi ya mtu mmoja chumbani kwake, na waliolishwa wakasahauliwa.

Je, kitabu kinaweza kukuambia umezaliwa ufanye nini? Wachina wa kale walishaligusa swali hilo. Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na Changsha, yalifukuliwa maandishi ya hariri kutoka kaburi lililofungwa 168 KK. Katika mojawapo, mwanafunzi Zigong anamwuliza Kongzi kama na yeye anaamini mabua. Kongzi anajibu kwamba katika bao mia zake sabini zilitimia. Halafu anaongeza kwamba yeye hutazama wema na haki zilizomo tu. Yeye na waaguzi, asema, wanatembea njia moja, lakini wanafika mahali tofauti. Iwapo ni maneno yake mwenyewe au ya wafuasi wake, ndivyo walivyotaka akumbukwe.

Mwaka 530 KK, ofisa mmoja wa dola ya Lu, Nan Kuai, alipanga uasi akapiga bao. Akapata mstari mzuri kupita kiasi: "Sketi ya manjano, heri kuu." Akafurahi. Aliyeonyeshwa alimwambia kwamba mstari huo ni wa mambo ya uaminifu, na kwamba Yijing haiaguliwi kwa mambo ya hila. Uasi ukashindwa.

Na kabla yake, katika dola hiyohiyo, kulikuwa na Mu Jiang, mama wa mtawala. Alishirikiana na mpenzi wake katika njama za kuipindua mamlaka, zikafichuka, akafungiwa katika Kasri ya Mashariki. Siku alipoingia alipigiwa bao. Mwaguzi akaangalia umbo lililotokea, Kufuata, akampa habari njema: kufuata ni kutoka, bibi, utatoka upesi. Mu Jiang alikuwa anakijua kitabu. Akasema hapana. Umbo hilo linasema hakuna lawama, lakini kwa mwenye mambo manne, na akayataja moja moja pamoja na maisha yake: nimeshiriki fitina, sina la kwanza, sikuiletea nchi amani, sina la pili, nimejidhuru mwenyewe, sina la tatu, nimeiacha heshima ya nafasi yangu kwa ajili ya mapenzi, sina la nne. La nne ni zhen. Nitafia humu, akasema, sitatoka.

Akafia humo mwaka 564 KK.